Chumvi Mfukoni mwa Bwana Mifugo

Sajenti Judith Nyangi alimwaga chumvi juu ya karatasi nyeupe, akaisogeza katikati ya meza, kisha akamkazia macho mtuhumiwa.

"Hii ni nini, Clementi?"

"Chumvi, afande."

"Kwamba ni chumvi naona. Nauliza inatafuta nini mfukoni mwa bwana mifugo aliye kazini, tena imefungwa kwenye nailoni kama kete ya bangi."

Clementi Burito aliitazama ile chumvi. Alikuwa amesimama, maana Judith hakumkaribisha kiti. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini kasoro, mrefu, mkavu, shati lake la kazi bado lina vumbi la getini. Vidole vya mkono mmoja vilishika ukingo wa meza kwa namna ya mtu anayejifanya hajashika kitu.

Kila aliyekulia zizini mkoa wa Mara anajua kazi ya chumvi mkononi mwa mwizi. Ng'ombe hamfuati mgeni hivi hivi. Lakini mlambishe chumvi kiganjani, atakufuata mpaka Sirari, mpakani na Kenya, bila kugeuka nyuma. Judith alikulia zizini.

Usiku wa kuamkia Jumanne, ng'ombe saba wa Mzee Werema wa Butiama walitolewa zizini. Walikuwa wametengwa kwa mahari ya mwanawe. Asubuhi hiyo hiyo, saa nne na dakika kumi, ng'ombe saba walipita kwenye geti la mifugo nje ya Butiama, mchana kweupe, wakiwa na kibali halali chenye saini ya Clementi. Kitabu cha geti kilionyesha kuwa wote walikuwa na chapa ya KB 3, kama kibali kilivyosema. Alhamisi watatu wakapatikana Bunda, ndani ya ua wa mchuuzi aitwaye Benson. Mapajani mwao hapakuwa na KB 3. Palikuwa na chapa ya Mzee Werema, WR 7, kubwa kama sahani. Wanne hawakuonekana mpaka leo.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, kituoni Musoma. Jumatatu jalada lilitakiwa liwe kwa mwendesha mashtaka. Kesi ya wizi wa mifugo si ya kwenda na kurudi jioni. Clementi alikuwa anaitazama miaka gerezani, na watoto watatu nyumbani.

"Ng'ombe walipita mbele yako mmoja mmoja?"

"Ndiyo. Ndivyo geti lilivyo."

"Na wewe ndiye unayesoma chapa?"

"Mimi naita, karani anarudia na kuandika, nasema pita."

"Na Jumanne uliita KB 3 mara saba."

"Kitabu kinasema hivyo."

"Sikuulizi kitabu. Kitabu hakina watoto."

Clementi akapitisha ulimi kwenye midomo iliyokauka. "Sikumbuki, afande."

Judith alifungua jalada. Karani wa geti, kijana aitwaye Dotto, alikuwa ameandikisha maelezo marefu tena mazuri. Sentensi moja Judith aliipigia mstari: *Bwana Clementi siku hizi anayumba kazini, nadhani ni pombe.* Judith alimnusa mtuhumiwa siku aliyoletwa. Alinuka jasho na ng'ombe, basi.

"Kibali ulisaini saa nne na nusu," akasema, macho kwenye karatasi.

"Nilisaini saa nne na nusu."

Judith akainua kichwa. Alikuwa amekosea mwenyewe. Kibali kiliandikwa saa nne na dakika kumi. Mtu huyu alikuwa amemrudishia kosa lake kama ukuta unavyorudisha sauti.

"Unanichezea?"

"Hapana, afande."

"Kaa chini."

Clementi alikaa kwa kishindo, akainamisha kichwa karibu na magoti. Judith alimwacha. Alihesabu dakika mbili kwenye saa ya ukutani. Mtuhumiwa alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamebadilika, kama mtu aliyewashiwa taa.

"Samahani, umesema saa nne na nusu?" akauliza. "Si kweli. Ilikuwa saa nne na dakika kumi."

Judith akaandika hilo neno kwa neno. Hakulipenda. Mwongo hushikilia uongo wake; huyu alikuwa amesema uongo usiomsaidia, kisha akausahihisha bila kubanwa.

*

Saa saba mchana Judith alikuwa mtaa wa Kigera, sebuleni kwa Matrida, mke wa Clementi. Matrida hakumletea chai wala maji.

"Mmeshampekua yeye. Sasa mmekuja kunipekua mimi?"

"Nimekuja kuuliza. Ukinijibu, sipekui."

"Mume wangu si mwizi."

"Wake wote wananiambia hivyo, mama. Wengine wananiambia wakiwa wamekalia nyama ya ushahidi."

Matrida alitaka kucheka, akajizuia. Judith akaweka kile kifuko cha chumvi juu ya kitambaa cha meza. Mwanamke akakitazama, na uso ukamsaliti kabla ya mdomo. Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyekutana na kitu alichokifunga kwa mikono yake.

"Wewe ndiye unayemfungia," Judith akasema.

Matrida akakisogeza kifuko mbali naye.

"Kila siku?"

"Aliniapisha."

"Alikuapisha usiseme, au alikuapisha aende jela? Maana Jumatatu nafunga jalada, na ndani yake chumvi hii itasomeka kuwa ni ya kuibia ng'ombe."

Matrida aliinuka, akaingia chumbani. Alirudi na daftari dogo la kuandikia matibabu, kurasa zimekunjika kwa kufichwa chini ya godoro. Lilikuwa la zahanati moja ya binafsi Bunda. Judith akapitia: *88 kwa 54. 86 kwa 50. 84 kwa 52.* Miezi kumi na minane ya tarakimu za namna hiyo. Chini, kwa mwandiko wa tabibu: maji mengi, aongeze chumvi kidogo, asisimame muda mrefu bila kula.

"Presha ya kushuka," Matrida akasema. "Anatoka hapa saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki mpaka Butiama, tumbo tupu. Anasimama pale getini tangu saa moja. Ikifika saa nne, kichwa kinakuwaga kama kibuyu kitupu. Ndiyo analamba hiyo chumvi kwa kujificha."

"Na kwa nini Bunda, wakati zahanati zimejaa Musoma?"

"Ili asionekane. Wewe ni mtu wa huku, dada, usiniulize kama mgeni. Bwana mifugo anayeona kizunguzungu mbele ya ng'ombe? Wafugaji watamchekea mpaka kaburini."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na tabibu."

"Fikiri vizuri."

Matrida akafikiri. "Mwezi wa tatu alianguka nyuma ya ofisi. Dotto alimleta hapa kwa pikipiki. Nilimwambia ukweli, maana alimhurumia sana. Ni kama mdogo wake huyo. Kila siku anamwambiaga, kaka wewe usijali, mimi nipo."

Judith alilifunga daftari polepole. Dotto alijua ni presha. Dotto aliandikisha kuwa ni pombe.

Lakini mdogo mtu anaweza kumfichia kaka yake ugonjwa hata mbele ya polisi. Na mke anaweza kutengeneza daftari. Judith alikuwa na miaka kumi na moja kazini. Hakuwahi kuona karatasi isiyoweza kughushiwa.

*

Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi alimfikisha Clementi Bunda, akiwa na pingu, koplo mmoja nyuma yake. Mtuhumiwa alikuwa amekubali kupimwa kwa kununa, baada ya kuambiwa kuwa daftari limeshapatikana.

Tabibu Prosper alikuwa mzee mfupi mwenye miwani. Alilitambua daftari na mwandiko wake, akatoa na kitabu cha zahanati, tarehe zikalingana. Akamlaza Clementi kitandani, akamfunga mashine mkononi.

"Tisini na nne kwa hamsini na nane. Akilala huwa nafuu."

Judith alikuwa amechora chapa ishirini kwenye vipande vya boksi. Alivionyesha kimoja kimoja. Clementi, mgongo kitandani, akazisoma zote upesi, bila kukosea hata moja. Ya kumi na sita aliikosoa: "Hii umeichora vibaya, afande. Mguu wa R uko kinyume."

Wakamsimamisha. Dakika kumi na tano hapo hapo katikati ya chumba, bila kuegemea. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Mashine ikasoma sabini na nane kwa arobaini na sita. Judith akaanza tena na boksi zake. Sasa majibu yalichelewa. Sita alikosea. Mbili alizitazama tu, akanyamaza, kana kwamba hazikuonyeshwa.

"Anaweza kuigiza," Judith akasema.

"Kukosea anaweza. Hiyo sabini na nane hawezi."

Ndipo Judith akakumbuka saa nne na nusu. Alichukua boksi lenye WR 7, akaliinua usawa wa uso wa Clementi, akasema kwa sauti ya kazi, haraka, bila kupumua: "KB 3!"

"KB 3," Clementi akaitikia. "Pita."

Koplo mlangoni aliguna. Clementi hakujua amefanya nini.

"Mlaze," Judith akasema.

Tabibu akamweleza wakiwa barazani. "Ubongo ukipewa kazi unaomba damu zaidi, kama mashine ya kusaga inavyoomba umeme. Kwa watu wengi damu inaongezeka papo hapo. Kwa mtu wa presha ya chini kama huyu inachelewa, na inayokuja haitoshi. Watafiti wamelipima hilo kwenye mishipa ya kichwa, na kwa waya zinazosoma umeme wa ubongo. Umakini unalegea, mtu anakuwa mzito, wakati hajazimia wala hajaanguka. Anaongea, anaitikia. Ukimpita njiani utamsalimia uende zako."

"Kwa hiyo presha ndiyo iliyopitisha ng'ombe."

"Sikusema hivyo, usiniwekee maneno. Wengi wana presha ya chini na kazi zao zinakwenda. Mimi nitaandika nilichopima leo. Nani alipitisha ng'ombe ni kazi yako. Na kuna jambo jingine: karatasi hii haitoki hapa bila mgonjwa kuweka saini ya kukubali."

Clementi aliisoma fomu ya kukubali, akairudisha.

"Sisaini."

"Una akili kweli?" Judith akauliza.

"Nilipotahiriwa sikupepesa jicho, afande. Baba yangu alikuwepo, watu walikuwepo. Leo nisimame mahakamani niseme nikisimama saa tatu mfululizo nageuka kama mlevi? Andika mimi ni mwizi. Mwizi wanamwogopa."

"Na watoto wako wataandikwa nini?"

Clementi aligeuza uso. Judith akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. "Twende getini."

*

Geti la mifugo lilikuwa njia nyembamba ya magogo, upana wa ng'ombe mmoja, na nje yake kundi la wafugaji wakisubiri zamu. Ilikuwa saa tano. Judith alimwacha Clementi ndani ya gari, akaenda moja kwa moja kwa Ghati, mama wa uji, aliyekuwa ameweka sufuria zake hatua kumi kutoka kwenye magogo.

"Jumanne ulikuwepo, mama?"

"Mimi nakosekanaga wapi? Nikikosa, watoto wanakula magogo."

"Benson ulimwona?"

"Si alikunywa vikombe viwili hapa na Dotto, wakati ng'ombe wake hata vumbi halijaonekana? Walikuwa wananong'ona kama wachumba."

"Ng'ombe walipopita, nani aliita chapa kwanza?"

Ghati alicheka. "Swali gani hilo, afande? Clementi anaitaga, Dotto anarudia, ng'ombe anapita. Hata mimi wimbo huo naujua." Mkono wenye upawa ukasimama hewani. "Ngoja kwanza. Jumanne walibadilishana. Dotto ndiye alikuwa anaanza. Clementi anarudia nyuma, pole pole. Nilicheka, nikasema leo mwanafunzi anamfundisha mwalimu."

"Utayarudia hayo kwa maandishi?"

"Kama hamtanimwagia uji wangu, nitayarudia."

Dotto alikuwa amesimama kwenye nafasi yake, kitabu mkononi, shati limepigwa pasi. Alimwona Clementi akishushwa garini na pingu, akasikitika kwa uso mzima.

"Pole sana, kaka. Pole sana."

Judith alikichukua kitabu mkononi mwake bila kuomba. Akafungua ukurasa wa Jumanne. Mistari saba ya KB 3, yote saa nne na dakika kumi. Chini yake, fahali mmoja wa mtu aitwaye Ryoba: saa nne kamili.

"Dotto, huyu wa saa nne kamili amewezaje kuandikwa chini ya wale wa saa nne na dakika kumi?"

"Nilipitiwa, afande. Haraka za kazi."

"Au wale saba uliwaandika ukinywa uji na Benson, kabla hawajafika, halafu fahali wa Ryoba akakuwahi?"

Wafugaji walikuwa wamesogea. Miongoni mwao alikuwa Mzee Werema, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuja kila siku tangu Jumanne, akisimama tu hapo, akitazama mapaja ya ng'ombe wa watu.

Dotto hakutikisika. "Mimi ni karani. Naandika ninachoitiwa. Aliyeita ni kaka Clementi, na mwenyewe yupo, muulizeni." Akamgeukia kwa upole. "Kaka, si uliita mwenyewe?"

Hapo ndipo Judith alipomwelewa yule kijana sawasawa. Swali lilitoka bila hofu yoyote, kwa sababu muulizaji alijua kuwa jibu halitatoka. Ghati ni mama wa uji. Wakili angemtafuna kwa dakika tano. Mistari iliyopishana ni haraka za kazi. Dotto hakutegemea usiku wala giza kuiba ng'ombe saba. Alitegemea aibu ya mtu mmoja.

Judith akakifunga kitabu. Alimtazama Clementi. Kama hatasema hapa, Jumatatu atapelekwa mahakamani.

Clementi akapiga hatua mbele. Akawageukia wafugaji, akamtafuta Mzee Werema, akasimama mbele yake, mikono imefungwa.

"Mzee, mimi nina presha ya kushuka. Mwaka wa pili sasa. Nikisimama sana damu inapungua kichwani. Macho yanatazama lakini hayashiki kitu. Ile chumvi nalamba mwenyewe, nisianguke." Akavuta pumzi. "Ng'ombe wako walipita hapa, ningeweza kuwagusa, na mimi sikuwaona. Niliitiwa chapa, nikaitikia kama kasuku. Nilipaswa kuiacha kazi hii, nikaona haya."

Mtu nyuma akapiga mluzi. "Ee, bwana mifugo wa kizunguzungu!" Kicheko kikapita katikati ya watu, na kingine kikafuata. Clementi alikipokea akiwa amenyooka, masikio yamewaka. Hakuinamisha uso.

Mzee Werema aliinua fimbo kidogo tu. Wakanyamaza.

"Wewe hukuwaona," akasema.

"Sikuwaona, mzee."

"Naam. Na huyu kijana wako alijuaje kuwa huoni?"

Macho yote yakahamia kwa Dotto.

"Mimi?" Dotto akasema. "Mimi namsaidiaga tu! Siku ile alipoanguka si mimi niliyempeleka Kigera, mkewe akaniambia habari ya presha, nikamhurumia, nika..."

Akaishia hapo. Alikuwa kijana mwerevu. Aliisikia sentensi yake mwenyewe kabla ya wengine.

"Kwenye maelezo yako kwangu ulisema ni pombe," Judith akasema. "Umeweka saini kila ukurasa."

Dotto akatazama barabara ya Bunda. Koplo alikuwa ameshasimama upande huo.

"Afande," Clementi akasema, "lete ile fomu." Akaisaini juu ya gogo la geti, mikono miwili kwa pamoja, herufi zikiyumba.

Mzee Werema alimsubiri amalize. Kisha akamwuliza Clementi, kwa sauti ile ile, swali alilokuwa akilibeba tangu Jumanne.

"Wanne waliobaki wako wapi?"

Judith alitoa ufunguo, akazifungua pingu za bwana mifugo.

"Swali hilo si lake tena, mzee," akasema. "Muulize karani."